Kiharusi cha Kabla ya Uzee: Hoja ya Kukihoji kama Kifo cha Uzazi

Kuanzia Juni 2003, kwa muda wa miaka mitatu, watafiti waliwafuatilia wakazi 159,814 wa Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na wengine 56,517 wa Dar es Salaam, wakihesabu kila aliyepatwa na kiharusi. Hai walipata wagonjwa 453, Dar es Salaam 183. Ukigawa kwa idadi ya watu na kwa miaka, Hai inatoa viharusi 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 107.9. Mwenye haraka angefunga jalada hapo na kuandika kwamba mjini na shamba hali ni moja. Lakini Hai ni wilaya yenye wazee wengi, kwa kuwa vijana wake wamekwenda kutafuta maisha, na mahali wanakokwenda ni pamoja na hiyohiyo Dar es Salaam. Takwimu ziliposawazishwa kwa umri, yaani ilipoulizwa viwango vingekuwaje kama sehemu zote mbili zingekuwa na mgawanyo wa umri wa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, Hai ilisogea kidogo tu hadi 108.6. Dar es Salaam iliruka hadi 315.9.

Takwimu ghafi inamfaa mganga mkuu anayepanga vitanda. Iliyosawazishwa inamhusu mkazi mwenyewe: inamwambia kwamba, kwa umri uleule, hatari inayomkabili mjini inakaribia mara tatu ya ile ya ndugu yake aliyebaki Hai. Kwa muda mrefu tumepanga huduma za kiharusi kwa kutazama vitanda. Ndiyo maana mjadala wa kiharusi Afrika Mashariki huishia kwenye mashine za CT za kupiga picha ya ubongo, madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Nadai hapa kwamba kiharusi kinachompata mtu kabla ya miaka 65 kina historia ndefu ya kliniki nyuma yake, na kwamba mfumo wa afya ungepaswa kukihoji kama unavyohoji kifo cha mama mzazi: kimoja baada ya kingine, kwa kuuliza ni mlango gani wa huduma uliofungwa, na lini.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani. Mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi kama AMMP, ulihesabu vifo kati ya 1992 na 1995 katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini. Kwa kuwa wengi hufia nyumbani bila cheti cha daktari, sababu za vifo zilitafutwa kwa mahojiano na wafiwa. Njia hii ina udhaifu wake kwa magonjwa mengi, ila kiharusi kinaifaa kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote wa watu wazima. Mtu aliyelala mzima akaamka mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, mdomo umepinda na maneno hayatoki, habari zake hazisahauliki nyumbani. Kati ya vifo 7,629 vya wenye miaka 15 na zaidi, 421 vilitokana na kiharusi, yaani asilimia 5.5.

Asilimia hiyo haishtui mpaka uitazame kwa umri. Miongoni mwa wenye miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliwaua kila mwaka wanaume 65 na wanawake 88 kwa kila 100,000 Dar es Salaam. Hai 44 na 33. Morogoro 35 na 27. Uingereza na Wales, mwaka 1993, viwango vya umri huohuo vilikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Hata Morogoro, iliyokuwa maskini kuliko zote tatu, iliipita Uingereza mara tatu. Mwanamke wa Dar es Salaam alikuwa kwenye hatari mara kumi ya yule wa Uingereza. Ule msemo wa mitaani kwamba presha na kiharusi ni maradhi ya wazee na ya wenye nacho ulikuwa umekwisha kukanushwa miaka ya tisini, na bado tunausikia.

Swali la pili ni kinachowapata wanaonusurika. Mwaka 1994 watafiti walipita nyumba kwa nyumba Hai, katika idadi ya watu 148,135, wakitafuta wenye ulemavu wa upande mmoja uliotokana na kiharusi. Wakawapata 108: watu 73 kwa kila 100,000, au 127 ukiwahesabu wenye miaka 15 na zaidi peke yao. Auckland, New Zealand, walionusurika kiharusi bila kupona kikamilifu walikuwa 461 kwa kila 100,000 wa umri wa miaka 15 na zaidi. Sehemu ya pengo hilo ni umri, kwani Auckland ina wazee wengi zaidi. Lakini ziweke takwimu za Hai bega kwa bega. Wenye ulemavu wa kiharusi waliokuwa hai siku ya kuhesabiwa walikuwa 73 kwa 100,000. Wapya wanaopatwa kila mwaka, kwa hesabu ya muongo uliofuata, ni 94.5. Idadi ya wanaoishi na ugonjwa hutegemea wangapi wanaupata na wanaishi nao muda gani. Hata ukiwaondoa waliopona bila ulemavu, na hata ukikubali kwamba ugonjwa uliongezeka katika miaka kumi hiyo, hesabu hii inaelekeza mahali pamoja: wengi waliopooza hawakuishi muda mrefu. Kwa hiyo uhaba wa walemavu wa kiharusi vijijini, ambao mgeni angeuona kuwa heri, huenda ni kivuli cha vifo vya mapema, kwa homa ya mapafu baada ya chakula kupita njia ya hewa, kwa vidonda vya kulalia, au kwa kiharusi cha pili.

Visababishi tunavijua. Utafiti wa SIREN uliofanywa Nigeria na Ghana kuanzia 2014 hadi 2017 uliwalinganisha wagonjwa 2,118 na wenzao wasio na kiharusi, na kukadiria kwamba asilimia 90.8 ya viharusi inaweza kuhusishwa na shinikizo kubwa la damu. Kisukari, mafuta ya damu, unene wa tumbo, kuongeza chumvi mezani na uchache wa mboga za majani vinafuata mbali nyuma. Utafiti wa INTERSTROKE wa nchi 32 ulitoa kwa shinikizo la damu asilimia 47.9. Fasili zilizotumika si zilezile kabisa, na asilimia hizi hazijumlishwi kama za kura, lakini mwelekeo uko wazi.

Tanzania ina mwiba wake. Utafiti wa Dar es Salaam na Hai uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba wenye VVU walikuwa na uwezekano wa kiharusi mara 5.61 ya wasio navyo, huku shinikizo la damu likipewa mara 2.14 tu. Wapo waliosoma namba hizo wakahitimisha kwamba kwetu presha si tatizo kubwa. Wamekosea. Uwiano wa aina hii unawalinganisha wagonjwa na majirani zao, na majirani wenyewe wakiwa na presha kwa wingi, tofauti lazima iwe ndogo. Mtaalamu wa epidemiolojia Geoffrey Rose aliieleza hali hiyo mwaka 1985: kisababishi kilichoenea kila mahali hujificha, kwa sababu hakuna wa kulinganishwa naye. VVU vinaongeza hatari sana kwa wachache walio navyo. Presha inaongeza kiasi kwa halaiki, na halaiki ndiyo inayojaza wodi. Jambo la VVU lina faida moja ya kiutendaji: kliniki za dawa za kupunguza makali zimekwisha kuwafundisha wahudumu wetu namna ya kumfuatilia mtu kwa ugonjwa wa maisha, kumpa tarehe ya kurudi na kumtafuta asiporudi. Mgonjwa wa presha hana huduma kama hiyo.

Na ushahidi kwamba hana uliwekwa mezani mwaka 2000. Uchunguzi uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari, Hai, ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha umri, asilimia 37.3 ya wanaume na 39.1 ya wanawake wa Ilala walikuwa na shinikizo kubwa la damu. Shari ilikuwa asilimia 26.3 na 27.4. Wasiofikia asilimia 20 kati yao ndio waliojua kwamba wanaumwa. Waliokuwa kwenye dawa walikaribia asilimia 10. Waliokuwa na presha iliyoshuka chini ya 140 kwa 90 hawakufika hata asilimia moja. Kenya, katika uchunguzi wa kitaifa wa 2015, zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani. Tofauti ya Ilala na Shari katika wingi wa presha haitoshi kueleza ile ya mara tatu katika viharusi. Naamini sehemu ya iliyobaki iko katika miaka ambayo presha ya mtu wa mjini hukaa juu bila mtu kuigusa.

Hapa wataalamu wa hospitali hupinga, na wana haki ya kusikilizwa. Wanasema kinga ni ya kesho na mgonjwa yuko wodini leo. Lakini Japani iliwajibu zamani. Kiharusi kilikuwa kisababishi cha kwanza cha vifo huko tangu 1951 hadi 1980, na mkoa wa Akita, wenye baridi kali na vyakula vya kuhifadhiwa kwa chumvi, ulikuwa kwenye hali mbaya kuliko mingi. Kuanzia 1963, katika mji wa Ikawa, watu wazima walipimwa presha kwa wingi, wauguzi wa jamii wakawatembelea nyumbani, chumvi ikapunguzwa. Vifo vya kiharusi nchini humo vilianza kushuka katikati ya miaka ya sitini. Picha ya kwanza ya CT ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Dawa ya kuyeyusha damu haikuthibitishwa kwa kiharusi mpaka utafiti wa Marekani wa 1995, na Japani yenyewe iliiruhusu 2005. Sehemu kubwa ya ushindi wao ilipatikana kabla ya zana ambazo sisi tunaambiwa tuanze nazo. Dawa hiyo inataka mgonjwa awe amefika, amepigwa picha na kuchomwa sindano ndani ya saa nne na nusu. Kwa anayetoka kijijini kwa bodaboda mpaka kituo cha afya, kisha akasubiri gari la wagonjwa, saa hizo zimekwisha kabla ya rufaa kuandikwa.

Suala la kuchelewa kufika hospitali lina kinaya chake. Uchunguzi wa kijamii uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba wakazi wa Dar es Salaam ndio waliokihusisha zaidi kiharusi na majini na uchawi, na kwenda kwanza kwa mganga wa jadi, ilhali watu wa Hai walitaja presha, mafuta na mawazo, wakaelekea hospitali. Wale wanaodhani ushirikina ni mali ya kijijini watafute nadharia nyingine.

Kwa aliyekwisha kufika wodini, nafuu kubwa iko mikononi mwa wauguzi. Australia, katika hospitali 19 za New South Wales, utaratibu wa wauguzi kufuatilia homa, sukari na uwezo wa kumeza katika siku za mwanzo ulipunguza waliokufa au kuwa tegemezi baada ya siku 90 kutoka asilimia 58 hadi 42, kwa matokeo yaliyochapishwa 2011. Kipimo cha kumeza kinataka kijiko, maji na muuguzi aliyefundishwa. Kinyume chake, wazo linalopendwa sana katika semina zetu, la kuifundisha familia ifanye mazoezi ya viungo nyumbani badala ya mtaalamu, lilijaribiwa India kwa wagonjwa 1,250 na kuchapishwa 2017: waliokufa au kuwa tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi lililofundishwa na asilimia 47 katika lisilofundishwa. Familia zitaendelea kuwahudumia wagonjwa wao bila kuambiwa na mtu. Kuzigeuza kuwa sera ni namna ya serikali kujipunguzia mzigo.

Sasa pendekezo lenyewe. Kifo cha uzazi, kwa utaratibu uliokwisha kuzoeleka katika ukanda huu, hukutanisha wahusika wakafuatilia njia ya marehemu kutoka nyumbani hadi mwisho wake, bila kutafuta wa kufungwa. Kiharusi cha chini ya miaka 65 kifuatiliwe hivyohivyo. Je, alipimwa presha katika miaka mitano iliyopita, na wapi? Kama ilikuwa juu, aliambiwa, au namba iliandikwa tu kwenye daftari? Alipewa dawa, na kwa siku ngapi? Alipoziacha, aliacha kwa sababu alijisikia mzima, kwa sababu ya bei, au kwa sababu dirisha la dawa lilimwambia zimekwisha? Mwanamke, je, alikuwa na kifafa cha mimba au presha ya ujauzito, na nani alimfuatilia baada ya kujifungua?

Itasemwa kwamba viharusi ni vingi mno kuhojiwa vyote. Basi ichaguliwe wilaya chache na umri wa chini ya miaka 55 kwanza. Itasemwa pia kwamba wanaofia nyumbani hawatapatikana, lakini AMMP iliwapata kwa kwenda kuwauliza wafiwa, katika miaka ambayo simu za mkononi zilikuwa anasa ya wachache. Pingamizi zito ni jingine, na halisemwi kwa sauti: mahojiano haya hayatamkuta na hatia daktari wa wodi ya rufaa. Yataishia kwenye zahanati isiyo na mashine ya presha inayofanya kazi, na kutoka hapo yatapanda hadi kwa anayeidhinisha manunuzi, ambaye itambidi aeleze kwa nini leja ya dawa inaonyesha amlodipini, dawa ya presha, ilikosekana miezi minne mfululizo.