Ingobyi: Machela ya Kilimani

Kabla ya magari ya wagonjwa kufika vilima vya Rubavu nchini Rwanda, mama alijifungulia nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, aliyejifunza kazi kwa kuwatazama waliomtangulia. Uchungu ukizidi, iliitwa ingobyi: machela ya kusukwa iliyofungwa kwenye miti miwili. Wanaume wanne waliiinua mabegani, wengine wakifuata kuwapokea, wakateremka njia za mawe ya volkano kuelekea hospitalini Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Usiku, mvua ikinyesha, kila hatua ilipimwa.

Haikuwa hisani ya jirani mmoja. Wakazi wa kilima waliunda chama cha ingobyi: kila kaya ilichangia, na aliyekwepa zamu ya kubeba alitozwa faini. Kwetu, mpango huo ni ufundi mkubwa kuliko hata ule wa kusuka.

Neno ingobyi pia ni jina la ngozi ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni: kwa jina moja, mama na mtoto wote walibebwa.

Hata kwa msaada wa machela hiyo, mwaka 2000 ni zaidi kidogo tu ya robo ya watoto wa Rwanda waliozaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2020, zaidi ya 9 kati ya 10. Sasa wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenzao humsindikiza mama kituoni.