Neno la Kuamshia au Neno la Mwito: Istilahi ya Kwanza ya Msaidizi wa Sauti wa Nyumbani

Miongoni mwa istilahi zinazouzunguka msaidizi wa sauti, yaani programu inayopokea amri kwa maneno ya mdomoni na kujibu kwa sauti iliyotengenezwa na kompyuta, hakuna iliyo rahisi kutafsiri na nzito kwa athari zake kama ile inayotaja neno ambalo mtumiaji hulitamka kabla ya kutoa amri yenyewe. Kiingereza kimeliunda jina hilo kwa kuunganisha dhana ya kuamka na dhana ya neno, na mfasiri wa Kiswahili anayeifuata njia hiyo hufika mara moja kwenye "neno la kuamsha" au, kwa usahihi zaidi wa kisarufi, "neno la kuamshia", kwa kuwa kauli ya kutendea ndiyo inayoonyesha kwamba neno hilo ni chombo, kama ilivyo katika kisu cha kukatia na kalamu ya kuandikia.

Njia nyingine pia zipo. Mtu angeweza kuunda "kiamshi" kwa kufuata desturi ya kutaja vifaa kwa kiambishi ki-, lakini jina hilo lingeelekeza fikra kwenye kifaa chenyewe, mfano wa saa ya kengele, wala si kwenye neno linalotamkwa. Tena lingekaa karibu mno na kiamshakinywa, ambacho Wakenya hukitaja kila asubuhi kwa maana iliyokwisha kuzoeleka. Wapo pia mafundi wa Kiingereza wanaotumia jina lenye maana ya kitu kinachofyatua, ambalo Kiswahili kingelipokea kwa "kifyatulio", neno la bunduki na mtego, lisilopendeza kuingizwa sebuleni.

Tatizo la "neno la kuamshia", basi, haliko katika sarufi. Liko katika kitenzi, kwa sababu kuamsha kunadai usingizi, na kinachosikiliza ndani ya kifaa hiki hakilali hata kidogo. Kipaza sauti hubaki wazi mchana na usiku, na sauti zote za chumbani, ziwe za watu, redio au sufuria, hugeuzwa tarakimu kwa kasi ya sampuli 16,000 kwa sekunde. Katika openWakeWord, ambayo ni programu huria ya kazi hiyo iliyoandikwa na David Scripka, mkondo huo wa tarakimu hukatwa vipande vya milisekunde 80, kila kipande kikiwa na sampuli 1,280, kisha hugeuzwa kuwa taswira inayoonyesha nguvu ya kila masafa ya sauti, na taswira hiyo hupitishwa kwenye modeli ndogo inayotoa alama kati ya 0 na 1 kueleza ni kwa kiasi gani kilichosikika kinafanana na neno linalongojewa. Alama ikivuka kizingiti, ambacho kwa kawaida huwekwa 0.5, hapo ndipo sehemu nyingine zinapoanza kazi. Kwa hiyo kinachoamshwa ni kurekodi, kutambua na kutenda. Sikio lilikuwa macho tangu mwanzo.

Tofauti hiyo ingeweza kuonekana kama ubishi wa wanaisimu, kama isingegusa faragha. Msaidizi wa sauti wa kibiashara, wa aina ambayo Amazon iliitambulisha mwezi Novemba 2014 kwa jina la Echo, hulisikilizia neno la kwanza ndani ya kifaa, kisha huituma sauti inayofuata kwenye seva za kampuni, mahali panapoitwa kwa upole "wingu", ingawa kwa hakika ni majengo yenye kompyuta za mtu mwingine. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuhifadhi rekodi za sauti za watoto kinyume cha sheria, na kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 25 bila kukiri kosa. Na tarehe 28 Machi 2025 chaguo lililowawezesha baadhi ya wamiliki wa Echo nchini humo kuzuia rekodi zao zisitumwe kwenye seva liliondolewa. Mtu anayeambiwa kwamba kifaa "kimelala" hadi kiamshwe hana sababu ya kuuliza kinachoendelea wakati wa usingizi huo, na hapo ndipo istilahi inapomfumba macho.

Jibu la wapenda faragha limekuwa kujenga msaidizi wa sauti nyumbani, mnyororo wote kuanzia kipaza sauti hadi jibu ukifanyika ndani ya kompyuta iliyo kabatini au chini ya meza. Mradi unaojulikana zaidi ni Home Assistant, ambao Mholanzi Paulus Schoutsen aliuanza mwaka 2013 kwa ajili ya kuendesha taa, vipasha joto na vifaa vingine vya nyumbani bila kupitia seva za watengenezaji. Mike Hansen, aliyekuwa ameunda Rhasspy, msaidizi wa sauti anayefanya kazi bila intaneti, alijiunga na kazi hiyo, na mwaka 2023 ukatangazwa na mradi kuwa mwaka wa sauti. Mwezi Oktoba mwaka huo neno la kwanza likaanza kusikilizwa kwa openWakeWord kwenye kompyuta ya nyumbani, na mwaka 2024 microWakeWord ya Kevin Ahrendt ikaiwezesha kazi hiyo ndani ya kidhibiti kidogo cha ESP32-S3, chipu ya bei ndogo isiyofikia nguvu ya simu janja ya kawaida. Kifaa ambacho mradi huo ulikitoa Desemba 2024 kwa dola 59 kina swichi ya mkono inayokata umeme wa vipaza sauti, jambo ambalo programu peke yake haiwezi kulithibitisha kwa namna ya kuridhisha.

Sifa ya "huria" inayoambatana na programu hizi inahitaji maelezo mafupi. Kiswahili kilikuwa tayari kimelichagua neno hilo kwa kitu kilicho wazi kwa yeyote, kama linavyoshuhudiwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na soko huria la wachumi, kwa hiyo "chanzo huria" hueleweka bila jasho: msimbo ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Lugha hii haisumbuliwi na utata wa neno moja la Kiingereza linalobeba "bure" na "huru" kwa pamoja. Manufaa ya uhuria yalionekana katika mkasa wa Mycroft, msaidizi wa sauti aliyeanza kwa michango ya umma mwaka 2015: kampuni yake ilipoishiwa fedha mwaka 2023, kwa sehemu kwa gharama za kesi ya hataza, msimbo haukuzikwa pamoja nayo, bali uliendelezwa na watu wa mradi huria wa OVOS.

Badala ya kuamsha, Kiswahili kina kitenzi kinachoieleza hali hii kwa ukweli zaidi, nacho ni kuita. Anayeitwa hachukuliwi kuwa amelala. Huchukuliwa kuwa yuko karibu, anasikia, na ana shughuli zake. Adabu ya Waswahili ina hata majibu yaliyotengwa kwa ajili ya tukio hilo, kwa kuwa mtoto aliyeitwa hujibu "naam", "bee" au "labeka" kabla hajajua anaitiwa nini, na mlio mfupi ambao kifaa hutoa baada ya kusikia neno lake hufanya kazi hiyohiyo, ya kuitika bila kutekeleza lolote bado. Wahenga nao walikwisha kuzitenganisha hatua hizo mbili waliposhauri mtu asikatae wito bali akatae neno. Mjenzi wa msaidizi wa sauti hutenganisha vivyo hivyo, kwa kuwa kifaa huitika kwanza, na ndipo amri inapopimwa kama inaeleweka na kama inaruhusiwa.

Kwa msingi huo istilahi inayofaa zaidi ni "neno la mwito", nayo inaweza kufupishwa kuwa "mwito" pale ambapo muktadha unatosha. Umbo la "mwito" linastahili kutangulizwa mbele ya "wito" kwa sababu ya kisarufi tu: wingi wake, "miito", ni mwepesi, na fundi hulazimika kuhesabu miito kila anapopima ubora wa mfumo. Upungufu wa pendekezo hili ni kwamba kuita kumekwisha kutumiwa na baadhi ya waandishi wa programu kwa maana ya sehemu moja ya msimbo kuitaka nyingine ifanye kazi. Lakini maana hizo mbili hazikutani katika sentensi moja ila kwa nadra.

Istilahi nzuri huzaa nyingine, na hapa uzazi ni wa kuridhisha. Modeli ya kusikiliza hukosea kwa namna mbili: huitika pasipo kuitwa, au huitwa isiitike. Kosa la kwanza linaweza kuitwa "mwito hewa", kwa maana ileile ambayo wasomaji wa magazeti ya Tanzania wameizoea katika habari za wafanyakazi hewa, na la pili "mwito uliopotea". Waundaji wa openWakeWord hulenga miito hewa isiyozidi nusu kwa saa na miito iliyopotea chini ya asilimia 5. Nusu kwa saa inasikika ndogo, lakini katika nyumba yenye redio na mazungumzo yasiyokoma ni sawa na miito hewa 12 kwa siku nzima. Katika mfumo wa kibiashara kila mmoja wa miito hiyo huweza kuondoka na maneno yasiyokusudiwa kwenda popote, ilhali katika mfumo wa nyumbani huishia kwenye kompyuta ya nyumba hiyohiyo, na madhara yake makubwa ni taa kuwaka bila kuombwa.

Kuchagua neno lenyewe la Kiswahili kuna mitego ambayo miongozo ya Kiingereza haiitaji. Modeli husikia mfuatano wa sauti, si mipaka ya maneno, na kitenzi cha Kiswahili hupokea viambishi vingi mbele huku shina likibaki mwishoni. Kwa hiyo anayechagua "sikia" atakuwa ameliweka neno lake ndani ya nimesikia, hawakusikia, tukisikia na mamia ya maumbo mengine yanayosemwa mezani. "Rafiki" linajificha ndani ya marafiki na urafiki. "Hodi", ambalo kwa maana lingependeza kuliko yote, lina silabi 2 tu na husemwa mlangoni na kila jirani. Majina ya watu nayo ni mabaya kwa sababu iliyo wazi, hata kama Zuhura ni jina zuri la sayari, kwani katika nyumba nyingi yupo msichana ambaye angeshindana na mashine kuitika.

Neno linalofaa liwe na silabi 4 au zaidi, liwe na konsonanti zisizofanana, na liwe adimu katika maongezi. Kiitishi "ewe", ambacho siku hizi kimebaki zaidi katika ushairi na sala, kinaweza kutangulia jina adimu, kwa mfano "Ewe Zohali", ambalo lina silabi 5, mkazo unaosikika vizuri kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sayari ambayo haitajwi wakati wa chakula cha jioni isipokuwa kwa wanajimu.

Kuifundisha modeli neno hilo ni shughuli nyingine. Mifano ya kufundishia haikusanywi kutoka kwa watu. Hutengenezwa kwa maelfu na programu ya usanisi wa usemi, yaani kuzalisha usemi kutokana na maandishi, na chombo kilichozoeleka kwa kazi hiyo kimejengwa juu ya sauti za Kiingereza. Vokali za Kiswahili husimama bila kupinda, ila sauti hizo huzipinda, na "ng'" ya ng'ombe au "gh" ya ghala hazitamkwi ipasavyo, hivyo mjenzi hulazimika ama kuchagua neno lisilo na sauti hizo, ama kupotosha tahajia ili mashine itamke inavyotakiwa, ama kuongeza rekodi za jamaa zake wenyewe, wazee kwa watoto, ambazo kwa lugha hii zina thamani kuliko wingi wa mifano ya bandia.

Baada ya mwito hufuata utambuzi wa usemi, ambao usichanganywe na utambuzi wa sauti, kwa kuwa wa kwanza hutafuta kilichosemwa na wa pili humtafuta aliyesema. Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022 baada ya kufundishwa kwa saa 680,000 za sauti, hukijua Kiswahili, lakini sehemu kubwa ya saa hizo ni za Kiingereza na modeli zake ndogo, ambazo ndizo zinazoingia katika kompyuta ndogo, hukosea Kiswahili mara nyingi. Kwenye Raspberry Pi 4, mojawapo ya kompyuta hizo ndogo, Whisper huweza kuchukua takribani sekunde 8 kuichambua amri moja, muda ambao mtu angekuwa amekwisha kuinuka na kuwasha taa mwenyewe. Rekodi za Kiswahili zilizotolewa na wasemaji wa kujitolea kwa Common Voice ya Mozilla, zilizo wazi kwa yeyote kuzitumia, ndizo tegemeo la kuiboresha hali hiyo. Kwa upande wa jibu, programu ya usanisi wa usemi iitwayo Piper ina sauti ya Kiswahili iliyowekewa alama ya Kongo, na msikilizaji wa Unguja au Mombasa atatambua mapema kwamba anayejibu si mtu wa pwani. Hiyo si dosari, ila ni lazima ielezwe katika orodha ya lugha za programu ili anayechagua ajue anachochagua.

Mwisho wa yote istilahi hupimwa kwenye kioo cha mipangilio, mahali penye nafasi finyu. "Neno la kuamshia" na "neno la mwito" huchukua karibu nafasi ileile, lakini la pili hukubali kubaki peke yake kwenye kitufe: Mwito, Badili mwito, Jaribu mwito, Kizingiti cha mwito, na katika kumbukumbu za siku, Miito hewa: 3.