Mto Wetu, Mji Wetu: Tuisimulie Habari Yote

Ndugu zetu wana-Pangani, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Mgeni akifika kwetu hufanya mambo mawili. Maji yakijaa, hupanda mashua kwenda juu ya mto, akatazama mikoko, minazi na ndege. Jua likipoa, huzungushwa mjini kwa miguu na kijana wa kumwongoza. Wengi wetu tuliozaliwa hapa hatujawahi kufanya safari hiyo. Twendeni pamoja leo, japo kwa maandishi.

Maji tunayopita juu yake yametoka Kilimanjaro na Meru, yakatembea kilomita 500 hivi hadi baharini. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda nchi za Kilimanjaro ilianzia hapa, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Kandokando ya mto, pale mashua inapopunguza mwendo, palikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Waliolima, waliokata na waliochemsha maji ya miwa walikuwa watumwa. Mgeni huonyeshwa minazi. Habari za miwa mara nyingi hazitajwi.

Tukirudi mjini tunapita nyumba za mawe na chokaa zenye milango ya nakshi na boriti za mikoko, maduka ya zamani ya Wahindi, na Boma. Wazee husimulia kwamba chini ya nguzo za Boma walizikwa watumwa wakiwa hai.

Hapa ndipo mwongozaji hutaja Abushiri bin Salim. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Mwezi wa Agosti mtu wao, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipande Pangani, na mji ukawaka. Abushiri akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani. Julai 1889 jeshi la Hermann Wissmann liliuteka mji, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa hapa hapa Pangani.

Tunajivunia habari hiyo, na ni haki yetu. Lakini Abushiri huyo huyo alikuwa mwenye shamba la miwa na watumwa. Na waliojaa mitaani mwaka 1888 hawakuwa mabwana peke yao: walikuwamo wapagazi, watu wa bara, na watumwa wa mashambani waliokuwa na madai yao wenyewe. Majina yao hatuyataji, wala mitaa yetu haiwakumbuki.

Miaka michache baadaye, mwaka 1893, Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba ya mkonge, na manamba kutoka kila pembe ya nchi. Wengi hawakurudi kwao; watoto wao ndio sisi.

Basi kati yetu wapo wajukuu wa waliofunga, wa waliofungwa, na wa waliokuja kutafuta kazi. Tunazikana makaburi mamoja na kuoana. Hakuna wa kuaibishwa na historia hii, lakini ikisimuliwa nusu, kuna mwenzetu anayefutwa.

Nyumba zinaanguka. Chumvi inakula chokaa, mvua inapita penye paa lililotoboka, na kila mzee anayeondoka anaondoka na habari zake. Barabara mpya ya pwani na daraja la kuvukia Bweni vitaleta wageni wengi. Watasimuliwa na nani, na watasimuliwa nini?

Ndiyo maana tunaomba mchango wenu: kuezeka nyumba za kale, kuwafundisha vijana waongozaji, na kurekodi sauti za wazee wa pande zote mbili za mto. Asiye na fedha alete picha ya zamani au jina la babu aliyelima miwa. Nalo ni mchango.

Karibuni nyumbani. Mashua inangoja maji yajae.