Dunia Inaisha, Lakini Kwanza Maliza Kozi

Binamu yangu alitoka Malindi akiwa mtu wa kanisa lolote lililo karibu na stendi. Miaka minne baadaye akarudi Msabato kamili. Chai ya majani hataki, kahawa hataki, na ikifika Ijumaa jioni simu yake ni kama imekufa. Hawe wetu alimwangalia wiki nzima, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huko Baraton waliwapa nini hawa watoto?"

Mi nilikuwa nishaanza kumtania kwenye grupu ya familia. Lakini swali la hawe lilinikaa. Kwani chuo kinaweza kumgeuza mtu imani hivyo? Ama ni umri tu? Basi nikaanza kusoma. Mkitaka kunipinga, nipingeni mkishafika mwisho.

Chuo chenyewe kiko Nandi, mbali na bahari kabisa. Ukipanda basi Malindi leo, utafika kesho mgongo ukiwa umekufa ganzi. Serikali ilitoa shamba lililokuwa kituo cha utafiti wa mifugo, Wasabato wakaanzisha chuo hapo mwaka 1980, na mwaka 1991 kikawa chuo kikuu cha kwanza cha binafsi nchini kupewa hati kamili ya serikali. Wanafunzi si Wasabato peke yao. Ila ibada iko kwenye ratiba, kantini haipiki nyama, na jua likizama Ijumaa masomo yanasimama mpaka jua lizame tena Jumamosi.

Mtoto wa Kilifi anafuata nini huko? Hapa ndipo historia inapouma kidogo. Shule za misheni za Kenya hii zilianzia kwetu. Rabai ilianza mwaka 1846. Freretown ikaja mwaka 1875, kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na madarasa yake yakatoa walimu na wahubiri. Halafu mwaka 1930 chuo cha wachungaji cha Freretown kikahamishiwa Limuru. Serikali ilikuwa ishapanda bara, pesa zikapanda, na vitabu navyo vikapanda. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilipata hati yake mwaka 2013, juzi tu. Kwa hivyo kwa miaka mingi kijana wa hapa akitaka digrii, alikuwa akipanda basi na kwenda kukutana na imani za watu wengine.

Sasa turudi mwaka 1844, maana hapo ndipo niliposhtuka.

Mwaka huo Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwezi wa Julai akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Wakati huohuo, ng'ambo kabisa, maelfu ya Wamarekani walikuwa wanahesabu siku. Mkulima mmoja, William Miller, alikuwa amesoma kitabu cha Danieli na kupiga hesabu kwamba Yesu yuko karibu kurudi. Wafuasi wakaishia kwenye tarehe moja: Oktoba 22, 1844. Kuna waliouacha mavuno shambani, kwani nani atayala? Siku ikafika. Usiku ukapita. Asubuhi jua likachomoza kama kawaida.

Hebu jiweke hapo. Majirani wanakucheka, chakula kiko shambani, na wewe uliapa hutakuwepo.

Wengi walivunjika moyo wakaacha. Kikundi kidogo kikarudi kwenye Biblia kusoma upya, na kutoka humo likatokea kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Likabaki na mzigo wa swali moja: kama Yesu anarudi karibuni, shule ya nini? Mtoto ataanza darasa la kwanza amalize lini? Waliulizana kweli. Jibu lao lilikuwa kujenga. Mwaka 1874 wakafungua chuo Battle Creek, Michigan. Walipofika Kenya mwaka 1906 na kupiga kambi Gendia, kando ya Ziwa Victoria, hawakuishia kwenye mahubiri. Zikafuata shule, mashine ya kuchapa vitabu na hospitali. Watu wanaongoja mwisho wa dunia na huku wanapanda miembe. Ukitaka kucheka cheka, lakini mimi niliona kuna akili ndani yake.

Na kuna mtu mmoja kwenye hiyo safari ya 1906 ambaye shuleni hatukuwahi kuambiwa habari zake. Ukisoma haraka utaona jina la Mkanada, Arthur Carscallen, basi. Lakini alikuja na Mwafrika, Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, aliyekuwa amesomea chuo cha Wasabato huko Uingereza. Ni miongoni mwa vijana wa kwanza wa chuo cha Kisabato kufundisha hapa kwetu, na ni Mwafrika. Kisha nini? Nyambo aliachana na kazi hiyo, na mwaka 1914 alikuwa London amebeba malalamiko ya watu wa kwao kuhusu utawala wa wakoloni, akitaka yamfikie mfalme. Chuo kilimpa Biblia, kikampa na Kiingereza cha kumwandikia mfalme. Sidhani walimu wake walipanga hilo la pili.

Ndiyo maana naona vigumu kukubali hadithi kwamba vyuo vya dini ni mashine, unaingia unga unatoka mkate.

Sasa, sisi watu wa Malindi tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kwa jicho jingine. Aprili 2023, dunia nzima ilijifunza kutamka Shakahola. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu. Mhubiri Paul Mackenzie, anayeshtakiwa na ambaye amekana mashtaka, alikuwa amefikishwa kortini mapema kama mwaka 2017 kuhusu watoto walioachishwa shule. Tuliambiwa kuhusu njaa, na njaa ndiyo iliyoua wengi. Lakini kabla ya njaa kulikuwa na daftari lililofungwa. Mtoto aliyetolewa darasani hana mwalimu wa kuuliza yuko wapi, wala rafiki wa dawati wa kumwambia "hiyo si kweli".

Mi si Msabato, na sijasema dini yao ni bora kuliko yako. Nasema hivi: hizi ni imani mbili zilizosubiri mwisho wa dunia. Moja tarehe yake ilipita, ikaaibika, ikafungua madarasa. Nyingine, kabla ya yote, ilifunga madarasa.

Nilimuuliza binamu ni kitu gani hasa kilimbadilisha. Nilitarajia aseme mahubiri. Akacheka. Mwaka wa kwanza, anasema, alikuwa anaingia ibada kwa sababu ni lazima, anakaa nyuma na simu. Kilichompata ni vitu viwili. Cha kwanza ni Jumamosi yenyewe: mara ya kwanza maishani alikuwa na siku nzima ambayo hakuna anayemdai kitu, na mkikaa chini ya mti na wenzako bila kazi, mtaongea tu, na usiku unaingia bado mnabishana. Cha pili ni pale aliposimuliwa ile habari ya 1844 darasani, waziwazi, bila kufichwa. "Kanisa linalokuambia siku lilipokosea," akaniambia, "unaweza kuliuliza maswali."

Lakini wengine wa darasa lake wametoka na mzio wa kanisa. Walihesabiwa ibada miaka minne, na tangu siku ya mahafali hawajakanyaga tena. Ulazima unaleta mwili kwenye benchi, hauna nguvu zaidi ya hapo. Na hata kwa binamu, mi nilikuwa na wasiwasi. Kushika Sabato mahali ambapo kila mtu ameishika si kazi. Kazi ni Malindi.

Jumamosi hiyo imepiganiwa hadi mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi Wasabato katika shule za umma waruhusiwe kuishika siku yao. Poa. Lakini uamuzi ule ulikuwa wa wanafunzi. Binamu alipata nafasi ya uhasibu katika hoteli moja ya pwani hii, na hapa wageni hubadilishana mwishoni mwa wiki: hawa wanaondoka, wale wanaingia. Jumamosi ilikuwa lazima. Akakataa kazi.

Nyumbani moto ukawaka. Wadogo zake wawili wako sekondari. Hawe alisimama ukumbini akasema, "Hiyo Sabato italipa karo ya nani?" Na sikuwa na jibu, kwa sababu hilo si swali la kijinga. Sasa binamu anaandika hesabu za maduka matatu mjini, nusu ya mshahara ule, na kila mwisho wa mwezi anampa hawe bahasha kabla ya kununua chochote chake.

Ijumaa iliyopita tulikuwa barazani. Jua lilikuwa linashuka, adhana ya magharibi ikaanza, binamu akafunga daftari za maduka akaziweka ndani. Nikamwambia hawe kwamba Wasabato huhesabu siku kuanzia magharibi, sawa na Waswahili wanaoita jioni ya leo usiku wa kesho. Akanyamaza kidogo.

"Hata sisi tulikuwa na Jumwa," akasema. "Kila siku ya nne. Huendi shamba, hushiki jembe."

"Na ukishika?"

"Watu watakuuliza una njaa gani."

Binamu alikuwa mlangoni, amesikia. Hawe akasogea kwenye mkeka, akampisha nafasi.