"Nunua Mpya" Si Jibu

Wasee, mwezi uliopita simu yangu ya kurekodi ilijisasisha usiku nikiwa nimelala. Asubuhi ikawa nzito kama mkokoteni uliokwama matopeni. Nikaipeleka duka la chapa hiyo (jina naliacha). Kijana wa kaunta hata hakuishika. "Hiyo ni ya zamani, bro. Nunua mpya." Jioni hiyo nilikuwa na kazi ya mteja ya kukabidhi. Nikaikosa, na pesa zikaenda.

Jibu hilo lina historia yake, na ni vizuri tuijue.

Turudi 2016. Baadhi ya iPhone 6s zilikuwa zinazima ghafla hata kama chaji bado ipo. Shida ilikuwa betri: ikichakaa, hushindwa kutoa umeme wa kutosha pale prosesa inapouhitaji mwingi kwa ghafla. Januari 2017 Apple ikatoa iOS 10.2.1, na kuzima kukapungua. Ila wateja hawakuelezwa waziwazi kwamba programu hiyo ilikuwa inapunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka.

Desemba 2017 mtumiaji mmoja akaeleza mtandaoni kwamba alibadilisha betri tu na kasi ikarudi. John Poole wa Primate Labs, watengenezaji wa programu ya kupima kasi ya Geekbench, akachapisha vipimo vilivyoonyesha kasi ikishuka kufuatana na toleo la iOS. Siku chache baadaye Apple ikakiri. Tarehe 28 Desemba ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2018, iOS 11.3 ikamwezesha mteja kuona hali ya betri yake na kuiondoa breki hiyo mwenyewe.

Sasa tuwe wakweli. Kiufundi, Apple walikuwa na hoja: afadhali simu ya polepole kuliko inayozima ukiwa katikati ya simu ya dharura. Kosa lilikuwa kunyamaza. Mtu asiyejua shida ni betri ataenda kununua simu nzima.

Wakubwa wa masoko waliliona hilo. Oktoba 2018 Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10, na Samsung milioni 5 kwa kuwasukuma wenye Note 4 waweke sasisho lililoilemea simu. Februari 2020 Ufaransa ikaipiga Apple faini ya yuro milioni 25, kwa sababu hiyohiyo ya kutowaambia wateja.

Na sisi je? Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, taarifa anazohitaji ili afaidi alichonunua, na fidia akipata hasara. Taarifa, wasee. Kwa hivyo kabla hujalipa, uliza simu itapata masasisho kwa miaka mingapi. Likija sasisho kubwa, weka nakala ya kazi zako kwanza. Likiharibu, andika tarehe, piga picha, na udai jibu la maandishi.

Mimi niliishia kwa fundi pale Luthuli. Swali lake la kwanza ndilo lile duka halikuniuliza: "Hii betri ina miaka mingapi?"