Sauti za 1955 kwenye Diski Kubwa

Kompyuta kuukuu ikiungwa na diski kubwa hufanya moja kati ya mambo matatu. Inaweza kukataa kuwaka. Inaweza kuwaka na kuona sehemu tu ya diski, kana kwamba iliyobaki haipo. Au inaweza kuikubali diski yote, ikaandika miezi kadhaa bila kulalamika, kisha siku moja ikaanza kuandika juu ya vitu vya kwanza kabisa ulivyohifadhi. La kwanza linaudhi. La pili ni hasara ya fedha. La tatu linafuta kumbukumbu, na hilo ndilo lililozikaribia sauti za wazee wa Matombo.

Matombo iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kwenye barabara inayotoka Morogoro mjini kupitia Kiroka na Mkuyuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilileta huku Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi kukata ngazi kulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo usiozaa. Julai 1955 upinzani ulilipuka Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukaachwa.

Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha kitabu cha Kiingereza kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Kila mwanafunzi wa historia anayeandika juu ya 1955 hukianzia hicho, nami ni mmojawapo. Lakini ni kitabu cha watu waliokuja kutazama. Walioshika jembe hawakuandika. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule alizaliwa mwaka 1940, na hesabu hiyo peke yake ilitosha kutufanya vijana wachache tuanze kuwarekodi wazee bila kungoja ufadhili.

Tulifikisha saa 50 za mazungumzo, kwa Kiluguru na Kiswahili. Kuna bibi aliyetaja mashamba ya lukolo lake moja baada ya jingine, akieleza lipi lilikatwa ngazi na lipi liliponea. Kuna babu aliyeimba wimbo wa kuchimbia matuta kisha akakataa kuurudia. Wawili kati ya wazee wa mwanzo wameshafariki. Mafaili yao ndiyo ya kwanza kwenye diski.

Sauti isiyobanwa, yenye ubora wa sidii, hula takriban megabaiti 635 kwa saa. Saa 50 ni karibu gigabaiti 32. Kompyuta yetu, ya mtumba, ilikuwa na diski ya gigabaiti 40 na Windows XP ya toleo la mwanzo. Nafasi ilikuwa imekwisha, na bado tulitaka kuingiza kaseti za zamani na picha za karatasi za mashamba. Tukapewa diski ya gigabaiti 320. Tatizo letu likaanzia hapo, ingawa mizizi yake ni ya zamani kuliko sisi.

Diski ya kwanza ya kompyuta iliyouzwa ilitoka IBM mwaka 1956, mwaka mmoja baada ya risasi za Matombo. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, na ilibeba herufi milioni 5. Tangu hapo diski zimeongezeka ujazo kwa kasi, lakini kompyuta haioni ujazo. Inaona namba. Diski imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, kila kimoja baiti 512 katika diski za zama zile, na kompyuta hukiita kila kipande kwa namba yake. Anayebuni mashine huamua namba hiyo iwe na tarakimu ngapi. Namba zikiisha, diski imeisha, hata kama nusu yake ni tupu.

Mfano mzuri ni ukuta wa baiti 528,482,304. BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, iliweza kuhesabu silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63. Diski za aina ya IDE ziliweza kuhesabu silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Kila upande ulionekana kuwa na nafasi ya kutosha. Zilipokutana, ilibidi kuchukua namba ndogo katika kila pembe: silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63. Zidisha hizo, kisha zidisha kwa 512, utapata zaidi kidogo ya nusu gigabaiti. Hakuna aliyeupanga ukuta huo. Ulizaliwa na makubaliano mawili yasiyojuana.

Katikati ya miaka ya 1990 ukuta huo ulivunjwa, ukafuata wa gigabaiti 8.4, kisha mwingine karibu na 34. Ule uliotugusa sisi ni wa 137. Namba ya sekta ilipewa biti 28, yaani sekta 268,435,456, sawa na baiti 137,438,953,472. Mwaka 2002 kiwango cha ATA-6 kiliongeza biti hadi 48. Mwezi Septemba mwaka huohuo Microsoft ilitoa kifurushi cha kwanza cha marekebisho ya Windows XP, kilichoiwezesha kuzisoma namba hizo ndefu. XP ya toleo la mwanzo, kama yetu, haikuwa tayari.

Kwa nini mashine ya namna hiyo bado ilikuwa ikifanya kazi Matombo? Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Miaka ambayo wenzetu wa nje walikuwa wakigombana na diski za megabaiti 5 na 10 mezani kwao, sisi tulikuwa nje ya mlango. Mlango ulipofunguka, vijijini kilichofika zaidi ni mtumba. Na mtumba huja na mipaka ya aliyeuvaa kwanza. Kuta ambazo kwingine zimeshakuwa hadithi, kwetu bado ni tatizo la Jumatatu asubuhi.

Tulipanda basi na mashine yetu hadi Morogoro mjini, kwa fundi mwenye kibanda cha kukodi. Jambo la kwanza alilofanya ni kutotuamini: alikataa kuunganisha diski mpya kabla hajasoma toleo la XP na tarehe ya BIOS. Kisha akaiunga kwenye kompyuta yake ya kisasa zaidi. Ikaonyesha gigabaiti 298. Hilo halikuwa tatizo. Muuzaji huhesabu gigabaiti kwa bilioni moja kamili, kompyuta huihesabu kwa 1,073,741,824, kwa hiyo 320 ya dukani ni 298 ya kwenye kioo.

"Mdogo wangu," aliniambia, "diski haina ugonjwa. Mashine yenu ndiyo haijui kuhesabu."

Njia rahisi ilikuwa kuigawa na kuifomati diski yote kwake, kisha kuirudisha Matombo. XP yetu ingesoma kwenye ramani ya diski kwamba kuna gigabaiti 298, ikaamini. Lakini ikifika sekta ya 268,435,456, biti 28 zinaisha. Ni kama mita ya gari inayotoka 99,999 na kurudi 00,000. Maandishi yaliyokusudiwa sekta hiyo yanaangukia sekta sifuri, mahali penyewe inapokaa ramani ya mgawanyo, na yanayofuata yanaendelea kula vilivyo mwanzo. Kwa kipimo cha sauti zetu, saa 216 zingeingia salama. Ya 217 ingeanza kuwafunika waliotangulia, wakiwamo wale wawili ambao hawawezi tena kuulizwa.

Kulikuwa na tatizo la pili, uzito. Kunakili faili la saa moja kulichukua muda wa kupika na kula. Fundi alikuta diski ya zamani imeshushwa hadi PIO, hali ambamo prosesa yenyewe hubeba kila kipande cha data badala ya kuacha kiende moja kwa moja kwenye kumbukumbu. XP hushusha mwendo hivyo kila makosa ya mawasiliano yanapozidi. Chanzo kilikuwa kebo bapa ya nyaya 40, wakati mwendo wa juu unadai yenye nyaya 80. Akabadilisha kebo, akaifuta njia ile ya IDE kwenye orodha ya vifaa vya Windows, akawasha upya. XP ikaitambua upya na kuirudishia mwendo wake.

Kuhusu ujazo alitupa njia tatu: kuweka kadi ya kuendeshea diski yenye BIOS yake, kubadili XP na kutafuta BIOS mpya, au kukubali ukuta na kukaa ndani yake. Kadi hatukuipata. BIOS mpya ya bodi ile haikupatikana pia. Tukachagua ya tatu. Alitengeneza sehemu moja ya gigabaiti 120 mwanzoni mwa diski, na eneo lote lililobaki akaliacha bila kugawa, ili mashine isipate sababu ya kulifikia. Kwa macho ya mnunuzi, zaidi ya nusu ya diski imetupwa. Kwa macho ya mtunza kumbukumbu, kilichonunuliwa ni usalama wa sekta sifuri.

Nakala za saa 50 ziliingia pia kwenye diski ya nje inayokaa Morogoro, na nyingine kwenye kompyuta yangu chuoni. Siku moja mashine ya Matombo itabadilishwa na nyingine ya mtumba, na hiyo nayo itakuja na ukuta wake. Ramani ya mgawanyo wa aina ya MBR inaishia kwenye terabaiti 2.2, kwa sababu namba zake ni za biti 32, na diski za terabaiti 4 zinauzwa kila mahali.

Kwa hiyo kwenye ubavu wa kasha la kompyuta tumebandika karatasi kwa ajili ya atakayekuja na nia njema na diski kubwa. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: sehemu hii ni gigabaiti 120 kwa makusudi, usiipanue, soma toleo la Windows na tarehe ya BIOS kwanza, hizi ni sauti za wazee wa 1955.