Siku ya Madaraka

Siku ya Madaraka ni sikukuu ya taifa ya Kenya, inayoadhimishwa kila tarehe 1 Juni. Hukumbusha siku hiyo ya mwaka 1963 ambapo Kenya, ikiwa bado chini ya Uingereza, ilianza kujitawala katika mambo ya ndani na Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Uhuru kamili ulipatikana tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na nchi ikawa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Ibara ya 9 ya Katiba ya 2010 inaitaja kuwa mojawapo ya siku tatu za taifa, pamoja na Siku ya Mashujaa (20 Oktoba) na Siku ya Jamhuri (12 Desemba).

Jina

Neno "madaraka" lina maana mbili zisizotengana: mamlaka na wajibu. Aliyekabidhiwa madaraka amepewa uwezo wa kuamua, na papo hapo ametwikwa dhima ya kujibu kwa aliyoyaamua. Anayeshika mamlaka akausahau wajibu husemwa amelewa madaraka.

Hatua hii ya kujitawala kabla ya uhuru haikuwa ya Kenya peke yake. Tanganyika iliifikia Mei 1961, Uganda Machi 1962, na Zanzibar Juni 1963. Kwa majirani hao sherehe kuu zilibaki kuwa za siku nyingine. Kenya ndiyo iliyoifanya hatua yenyewe kuwa sikukuu ya kudumu.

Historia

Uingereza ilitangaza himaya yake katika eneo hili mwaka 1895. Mwaka 1920 sehemu kubwa ikawa Koloni la Kenya, huku ukanda wa pwani wa maili kumi ukibaki himaya iliyohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Ardhi bora ya nyanda za juu ilitengewa walowezi wa Kizungu. Wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na maelezo ya kazi na ujira wa mtu. Wengi walikitia kwenye kikebe cha bati na kukining'iniza shingoni, nao waliona uchungu wa kuvishwa kitu kama kengele ya mbuzi katika nchi yao wenyewe.

Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Madai ya ardhi na haki yalipopuuzwa, vuguvugu la Mau Mau lilishika silaha. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, Kenyatta na wenzake wakakamatwa na kushtakiwa Kapenguria, na maelfu ya watu wakafungiwa kambini. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa Februari 1957.

Mwezi uliofuata Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wanane wa Baraza, wakiwemo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Kura zenyewe hazikuwa sawa: mtu aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu kulingana na elimu, mali au utumishi wake, na wengi hawakuwa na hata moja. Mazungumzo ya katiba yalianza Lancaster House, London, mwaka 1960. Mwaka huo viliundwa vyama vya KANU, kilichotaka serikali kuu yenye nguvu, na KADU, kilichotetea majimbo ili jamii ndogo zisimezwe. KANU ilishinda uchaguzi wa 1961 lakini ikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa kizuizini. Aliachiliwa Agosti mwaka huo.

Uchaguzi wa Mei 1963 ulitoa haki ya kura kwa watu wazima wote, na KANU ikashinda. Tarehe 1 Juni Kenyatta alishika uwaziri mkuu, Odinga akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mboya Waziri wa Sheria na Katiba, na James Gichuru Waziri wa Fedha. Gavana Malcolm MacDonald alibaki na ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani. Bendera ya Uingereza iliendelea kupepea. Ile nyeusi, nyekundu na kijani ilingoja Desemba. Katika hotuba yake ya siku hiyo Kenyatta aliwaita wananchi kwenye "Harambee", mwito wa wavutao mzigo mzito kwa pamoja. Tarehe 5 Juni yeye, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki, ambalo halikutimia.

Maadhimisho

Kwa miaka mingi sherehe kuu zilifanyika Nairobi. Tangu 2016 zimekuwa zikipelekwa kaunti mbalimbali, zikiwemo Nakuru, Nyeri, Meru, Narok, Kisumu, Embu, Bungoma na Homa Bay. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, zilifanyika Ikulu ya Nairobi. Treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mkesha wa sikukuu ya 2017, iliitwa Madaraka Express.

Watu huanza kupanga foleni kwenye milango ya uwanja alfajiri, kukiwa bado giza, wamejifunika shuka na makoti dhidi ya baridi ya Juni. Rais akifika hukagua gwaride, wimbo wa taifa huimbwa, vikundi vya ngoma na kwaya hutumbuiza. Gavana wa kaunti humkaribisha Naibu Rais, naye humkaribisha Rais. Mara nyingi Rais husoma hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha huiweka kando na kuzungumza na umati kwa Kiswahili. Katika kaunti nyingine hotuba hiyohiyo husomwa na kamishna wa kaunti.

Umuhimu

Majimbo yaliyotetewa na KADU na kuwekwa katika katiba ya 1963 yalifutwa Kenya ilipokuwa jamhuri, na mamlaka yakarundikana Nairobi. Katiba ya 2010 iliyagawa upya kwa kaunti 47, kwa hiyo kuihamisha sherehe hii kutoka kaunti hadi kaunti kunalirudisha jina lake kwa wenyewe. Hotuba ya Madaraka kwa desturi hujikita katika uchumi: bei ya unga, barabara, kilimo, ajira za vijana. Ndivyo ipasavyo, maana aliyekabidhiwa madaraka hutoa hesabu, na waliomkabidhi wamekuwa uwanjani tangu alfajiri kuisikiliza.